Weupe wa Eufrasia

Siku Eufrasia alipotolewa nje pamoja na mtoto wake, baada ya arobaini ya uzazi, wanawake wa Kibaoni walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Alikuwa mweupe, mashavu yamejaa.

"Mama Kelestini, huyu umemlea au umemloweka kwenye maziwa?" jirani yao Natalia aliuliza.

Yosefina, mama mkwe, akacheka kwa maringo. "Uji wa mchele mtupu, mwenzangu. Samaki hajagusa, mboga hajagusa. Mjukuu wangu aharishe?"

Siku ya kujifungua damu ilimwagika sana, ila Yosefina alisema ni uchafu unatoka. Kilichomkera ni panya tu. Walichimba tundu ukutani, pale kichwani kwa kitanda cha mzazi, na kila siku linapanuka. Alitega mtego, wapi.

Mpunga ulipoanza kukomaa, Eufrasia akaambiwa apande dunguni kufukuza ndege. Ngazi yenyewe fupi, lakini katikati akasimama kuhema.

"Umezoea kivuli wewe," Yosefina alimtania.

"Moyo unanienda mbio, mama."

"Na wangu unakwenda, mwanangu. Panda."

Akapanda, mtoto mgongoni. Baadaye ndege wakatua kundi zima, na debe la kuwatishia halikupigwa. Yosefina akaenda huku anamsema njia nzima. Alimkuta amelegea, mtoto bado yuko kwenye ziwa. Midomo ya Eufrasia ilikuwa na udongo, na kiganjani kashika bonge la udongo lenye alama za fito. Ni la ukuta wa chumbani.

Basi panya hawakuwepo.

Kelestini na wenzake walimbeba mkewe kwa machela hadi zahanati ya masista. Sista mmoja akamvuta kope ya chini. Ndani kulikuwa kweupe kama wali.

"Mama, huyu hana damu. Na mashavu haya si unene, ni maji."

"Mbona watu wote walimsifia?" Yosefina aliuliza, sauti ndogo.

Alfajiri Eufrasia alikata roho.

Mwaka uliofuata binti wa Natalia naye alitolewa nje. Mweupe, mashavu yamejaa. Vigelegele vikaanza. Yosefina, mjukuu mgongoni, akapita katikati ya wanawake, akamshika binti kidevu, akamvuta kope.

"Mama, unaniumiza!"

"Tulia, mwanangu, nione."

Aliangalia sana. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Natalia," alisema, bila kugeuka, "mtafutieni machela."