Hargeisa ya Muleba

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akasubiri nifanye jambo la kishujaa humu ndani. Naogopa radi, naogopa ziwa likichafuka, na tangu Tata alipofariki naogopa simu ikiita kutoka Muleba.

Nyumbani kwetu Muleba tuna kibanja kimoja, migomba na mibuni kuanzia barabarani hadi bondeni, na kaburi la Tata liko upande wa chini. Tata, yaani baba yetu, alikuwa mwalimu wa jiografia, na hata alipostaafu hakuacha kufundisha. Jioni tulipokuwa tukipukuchua maharage alitupiga maswali ya miji mikuu, sisi watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa mwisho. Kaka alizijua nchi zote zenye kiti kwenye Umoja wa Mataifa. Wenzake shuleni walisema mji mkuu wa Ivory Coast ni Abidjan, yeye akasema Yamoussoukro na kukunja mikono akisubiri sifa zake. Hakuwahi kubahatisha jibu hata siku moja. Kama hakuwa na uhakika, alinyamaza.

Mdogo wetu alikuwa wa aina nyingine. Yeye alizipenda nchi zilizojitenga. Ukimuuliza Katanga, anakujibu Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ukimuuliza Biafra, anakuambia Enugu, kisha anakusimulia jinsi makao makuu yalivyohamahama kila jeshi lilipokaribia, mpaka maharage yanasahaulika. Na kila mara alimalizia na ile yake aliyoipenda kuliko zote: Somaliland, Hargeisa.

"Hupati alama," Tata alimwambia. "Hiyo si nchi."

"Ina bendera, Tata. Ina shilingi yake. Ina polisi."

"Nani ameitambua?"

Wakati ule hakuna aliyekuwa ameitambua.

"Bendera hata mimi naweza kushona," Tata alisema. "Nchi ni jirani akubali kwamba upo. Biafra sisi Tanzania tuliitambua, tena tulikuwa wa kwanza. Ilikufa, lakini kwetu ilikuwa nchi."

Mdogo wangu alinuna hadi chakula kikaiva. Kaka akacheka. Tulidhani ni mchezo wa watoto na maharage.

Tata alipofariki, wazee wa ukoo walimsimika kaka kuwa mrithi, kama ilivyo desturi, wakasema kibanja kisikatwe. Lakini mdogo wetu alikuwa ameshajenga nyumba yake upande wa chini wakati Tata yu hai. Alisema Tata alimpa sehemu ile kwa mdomo wake. Kaka alisema maneno hayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Wakabishana hivyo miezi na miezi, na mimi nikajipa moyo kwamba ni maneno tu, yataisha.

Halafu asubuhi moja Mama aliamka akakuta mstari wa omulamula umepandwa kukata kibanja katikati. Omulamula ni mmea wa mpaka. Kwetu haupandwi ovyo. Wazee wanaitwa, majirani wanashuhudia, ndipo unatiwa ardhini, na ukishapandwa hakuna wa kuugusa. Mdogo wetu aliupanda peke yake. Na mstari wenyewe ulipita upande wa juu wa kaburi la Tata, kwa hiyo baba yetu akawa amebaki upande wa mdogo wetu.

Kaka alinipigia simu Hamugembe, mjini Bukoba, ninakoishi na kushona nguo.

"Mdogo wako ametangaza uhuru," alisema. "Ana Hargeisa yake sasa."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

"Nitaing'oa yote," akaendelea, sauti yake ile ile ya kawaida. "Na atakayesimama mbele yangu nitamkata."

Kicheko kikanikauka. Kama angefoka ningetulia, maana mtu anayefoka anapoa. Lakini kaka alisema vile vile alivyokuwa akisema Yamoussoukro.

Kuanzia siku hiyo niliishi roho juu. Simu ikiita nilijichoma sindano. Nilimpigia mdogo wangu nikamsihi aondoe ule mpaka kwanza, mengine tuzungumze. Akanijibu kwamba hata yeye ana panga. Jina la Hargeisa lilikuwa limemfikia na hakuchukia. Aliliandika kwa chaki juu ya mlango wake, herufi kubwa. Watoto wa jirani wakawa wanalisoma kwa sauti wakipita.

Ila mkewe ndiye aliyenitia huruma. Kwetu mgeni akiingia anapewa akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, anatafuna huku mnazungumza. Ukizitafuna umekubali kwamba hii ni nyumba na hawa ni wenyewe. Shemeji yangu alikiweka kikapu chake kidogo mezani kila mchana, na hakuna hata mtu mmoja wa ukoo aliyekanyaga pale. Walipita njiani wakitazama upande wa pili. Na mimi, ambaye nilikuwa Bukoba na visingizio vyangu vya kazi, sikuwa nimekanyaga pia.

Siku aliyonipigia Mama, hakunisalimu. "Njoo," alisema. "Kaka yako ananoa panga tangu asubuhi."

Nilifunga cherehani, nikapanda bodaboda hadi stendi, nikapata gari la Muleba. Ili nisiwaze, nikaanza kujiuliza miji mikuu kama zamani. Asmara. Juba. Nikajiambia hizo zilijitenga na leo zina viti vyao. Kisha nikakumbuka watu wangapi walizikwa kabla ya viti hivyo kupatikana, nikaacha kujiuliza.

Nilimkuta Mama amevaa kitenge chake cha kanisani na fimbo mkononi. Nyuma ya nyumba kubwa nilisikia chuma kikisuguliwa kwenye jiwe.

"Mama, tuwaite wazee."

"Wazee walishasema. Twende."

Tuliteremka kati ya migomba. Alipofika kwenye omulamula alikusanya kitenge chake akapita katikati taratibu, asiguse hata jani. Mimi nilimfuata nikikanyaga alipokanyaga yeye. Mdogo wangu alitoka mlangoni, akasimama chini ya ile chaki yake, asijue kama anavamiwa au anatembelewa.

Mama aliketi kwenye kiti cha nje. "Mukamwana," alimwita mke wa mwanawe, "nyumba hii haina kahawa?"

Shemeji alileta kikapu, akakifunua. Mama alichukua punje, akatafuna. Nami nikachukua. Mdomo ulikuwa mkavu, nikawa natafuna kama kokoto. Mdogo wangu alimwangalia mama yake akitafuna, na macho yake yakajaa machozi.

Hapo ndipo kaka alipoteremka.

Alikuja na panga wazi wazi mkononi, haraharaka, majani makavu ya migomba yakivunjika chini ya miguu yake. Mdogo wangu alichomoa lake kwenye paa la jiko. Nilichofanya ni kushika nguzo ya baraza, basi. Nimeshasema mimi ni mwoga.

Mama aliinuka. Alichota kahawa kiganjani, akaenda mpaka kwenye omulamula, akasimama kati yao, akanyoosha mkono wake juu ya mpaka.

"Pokea," alimwambia kaka.

"Mama, toka hapo."

"Nakupa kahawa. Pokea."

Kwetu kitu cha mzazi hakipokewi kwa mkono mmoja. Tulifundishwa hilo kabla ya kujua mji mkuu wowote, na kaka, pamoja na hasira zake zote, ni mtu aliyelelewa. Nilimwona akiitazama mikono yake. Mkono wa Mama ulianza kuchoka. Kaka aliinama, akalaza panga kwenye majani, akakinga viganja vyote viwili.

Alitafuna akiwa upande wake, hakuvuka.

"Siitambui," alisema, kahawa ikiwa mdomoni.

"Tafuna kwanza," Mama alimjibu.

Mdogo wangu aliegemeza panga lake mlangoni. Kaka akageuka, akaanza kupanda kilima, mikono mitupu. Nikavuta pumzi ya kwanza tangu Bukoba. Nilidhani yameisha.

Ndipo mdogo wangu alipouvuka mpaka wake mwenyewe. Aliinama, akaliokota panga la kaka, akaanza kumfuata. Alikwenda kwa mwendo mrefu, macho kwenye mgongo wa kaka, na kaka hakusikia chochote. Shemeji alijifunika uso. Mama alimwita jina lake, hakugeuka. Niliona kila kitu kabla hakijatokea, damu kwenye migomba, kaburi la pili kando ya lile la Tata, na mimi nimeshika nguzo.

"Kaka," mdogo wangu aliita.

Kaka aligeuka, akaganda.

"Umesahau panga lako."

Alikuwa ameshika upande wa makali. Mpini alikuwa amemwelekezea kaka.

Walisimama hivyo, mmoja akiwa na chuma kilichonolewa tangu asubuhi ndani ya kiganja chake, mwingine akihitaji kuvuta tu. Kaka aliutazama mpini, akamtazama mdogo wetu. Kisha akalipokea panga lake polepole, kwa mikono miwili.