Siku Arobaini na Moja za Shevanta

Saa moja na nusu asubuhi, Parubai Waghmare amepiga magoti kando ya mkokoteni, anachambua taka za nyumba themanini kwa vidole. Pakiti za maziwa huku, chupa kule, majani ya chai na maganda ya embe ndani ya ndoo. Kioo anakitambua kwa mlio wake. Jicho la kulia halioni kitu, na la kushoto limeanza kufuata.

"Mama mdogo, mkono! Hiyo sindano!" Jayashri Gaikwad anamkemea kutoka ngazini.

"Nimeiona."

"Umeiona kwa kipi, kwa kisigino?"

Wanacheka kidogo, kisha wanarudi kazini.

Parubai, 54, ameokota taka katika mtaa huu wa Pune kwa miaka thelathini na moja. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo alisukuma mkokoteni pamoja na Shevanta, mama mkwe wa Jayashri, hadi Februari mwaka huu, maradhi ya mapafu yalipomchukua.

Miaka miwili iliyopita, daftari la karatasi la kituo cha kupimia liliondolewa, ukaja mfumo wa kompyuta uitwao blokucheni. Mwokotaji akipima mzigo kwa kadi yake, siku hiyo huandikwa kwenye kompyuta nyingi kwa mpigo, ili viwanda vinavyonunua plastiki vijue imetoka nyumba zipi na imepita mikononi mwa nani. Kilichoandikwa hakifutiki. Anayefikisha siku 300 kabla ya Machi kwisha hupata kadi ya matibabu, na akifariki, nyumba anazohudumia hurithiwa na mtu wake. Asiyefikisha huanza upya Aprili.

Wanawake hawa waliupokea mpango kwa mikono miwili, maana madalali walikuwa wamewapunja mizani hadi basi. Ila waliouunda hawakuijua desturi yao: mwenzao akiugua, hupimiwa mzigo kwa jina lake. Enzi za daftari karani alijifanya haoni, na baadaye, kwa kalamu, akamrudishia siku zake yule aliyempimia mwenzake.

Januari, Shevanta alishindwa kuinuka kitandani akiwa na siku 261. Kwa siku arobaini na moja Parubai alizunguka nyumba zote peke yake, na mzigo wote akaupima kwa kadi ya mwenzake.

"Nilijua nitarudishiwa," anasema. "Ndivyo tulivyozoea."

Shevanta alifariki akiwa na siku 302. Mwisho wa Machi Parubai, mwenye siku 264, alikwenda kwa karani wa kituo, Tushar Jagtap.

"Kufuta haiwezekani, mama," Tushar alimwambia. "Lakini naweza kuongeza mstari useme siku zile ni zako. Aprili hii hii utatibiwa jicho."

"Na za Shevanta?"

"Zinarudi 261."

"Jayashri je?"

Tushar alimgeuzia kompyuta, akamsomea kanuni. Nyumba alizorithi Jayashri zingepewa mtu mwingine, na Jayashri ana watoto wawili wanaozitegemea.

"Basi acha."

"Mama, utapofuka!"

"Nimesema acha, mwanangu. Usiniulize tena, nisije nikabadili mawazo."

Inauma kumsikia akisimulia haya kwa sauti ya kawaida kabisa. Kipato chake ni rupia kama mia nne kwa siku. Upasuaji katika hospitali binafsi ni elfu ishirini na tano. Tushar anasema aliwaandikia wakubwa wake wafikirie siku za ugonjwa. Hajajibiwa.

Jayashri alilijua jambo hili Mei, akataka kupima mizigo yake mwenyewe kwa kadi ya Parubai kila Parubai akikosa kufika.

"Thubutu!" Parubai alimfokea. "Kila mtu na kadi yake. Kosa langu linatosha."

Sasa ni katikati ya Julai, naye ana siku 96. Ngazi zote anapanda Jayashri. Asubuhi humfuata Parubai kwake, akamshika kiwiko wakivuka barabara, mvua inyeshe isinyeshe, ili asikose hata siku moja. Jicho la kushoto likisubiri, kabla ya Machi kwisha atafikisha siku 300, apate kadi.

"Nikifunguliwa bandeji ya jicho, nitakwenda kwanza kwa Tushar anionyeshe zile siku arobaini na moja," anasema Parubai, akipangusa mikono kwenye sari. "Shevanta alikuwa anakohoa damu, na kila jioni ananiuliza, 'Leo nimekwenda kazini?' Nami namjibu, 'Umekwenda.' Nataka nipaone palipoandikwa."