Gundi ya Wali ya Papa

Sisi tuliokulia kwenye maflati ya mtaa wa Albert Park, kamba tuliirukia koridoni mpaka majirani wa chini wagonge dari kwa ufagio. Jikoni kulinukia sombe, majani ya muhogo. Balkoni ilinukia mbao, maana Papa, baba yetu, alichonga ala za panga za Kijapani. Mteja wake alikuwa Mzee Kenji wa Queensburgh, aliyerithi upanga wa babu yake.

Papa alinieleza kwamba upanga ule una nguo mbili. Ya sherehe ni ala nyeusi ya kung'aa na mpini uliozungushiwa hariri. Ya kulalia ni mbao nyeupe tupu, haipakwi rangi, ili chuma kipumue. Chuma kikilala, nguo ya sherehe inavishwa upanga wa bandia wa mbao, isilegee. Nilikuwa nawaza chuma kinaota ndoto humo ndani. Labda naongeza, lakini ndivyo ninavyokumbuka.

Ala ya kulalia ni vipande viwili, vinagandishwa kwa wali uliopondwa, ili siku ya kusafisha ifunguke bila kuvunjika. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha wali kidogo, bila chumvi, maana chumvi ingeleta kutu. Mama alikuwa anatania: "Wali bila chumvi ni wa wagonjwa na wa upanga wa Papa yenu."

Siku moja kamba ilininogea. Nikachota wali wenye chumvi wa chungu cha Mama, nikaponda, nikampa Papa. Mama hana kosa hapo. Na Papa hakuwa na sababu ya kuonja.

Jumamosi Mzee Kenji akaja, akafunua kitambaa, akashika upanga tayari kuuingiza kwenye ala mpya. Nikasogea mbele ya Papa.

"Papa, ule wali iko na chumvi. Nilitoa kwa chungu."

"Na unasema leo, mbele ya mgeni?"

"Niliogopa, Papa."

Papa akamweleza mzee kwa Kiingereza, uso umemshuka. Akapitisha kisu kwenye mshono, ala ikafunguka taratibu. Chumvi ilikuwa imeshaingia kwenye mbao; kazi ya wiki tatu akaiweka kando, akachukua mbao nyingine. Mzee Kenji alisema tu, "Sharp, sawa, nitangoja." Sikuchapwa. "Mara hii," Papa aliniambia, "utachemsha mbele yangu."

Siku hizi gundi inatoka kwenye chupa, na kitu kikivunjika tunatupa. Binti yangu akikosea ananiandikia sori kwenye simu, na yuko chumba cha pili. Namcheka, halafu najiuliza. Siku ile ningekuwa na simu, sijui kama ningesimama mbele ya Papa.