Mwenzake wa Ulingoni

Watu wakisikia kwamba mume wangu alikuwa mcheza mieleka wa kulipwa, huniuliza kama sikuwaonea wivu wanawake. Wanawake walikuwapo, siwezi kukana. Alikuwa na shingo nene na mwendo wa taratibu, na akipita sokoni Muleba walinyamaza kwanza, ndipo wakaanza kucheka. Hao hawakunisumbua. Niliyemwonea wivu alikuwa mwanamume, yule aliyekuwa akipigana naye.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mume wangu na mimi tulizaliwa Buganguzi, tukabatizwa katika kanisa moja la Kilutheri na kuoana humo humo. Mieleka aliijua tangu ujana, ile ya kushikana viunoni kwenye nyasi mpaka mmoja alale chali. Siku moja alipeleka kahawa Bukoba, akaonekana na Mhindi mmoja aliyeandaa maonyesho ya mieleka uani kwa ghala lake. Mhindi alikuwa na mpiganaji tayari, Mwislamu wa Bakoba, pale pale mjini, ambaye babu yake alitoka pwani, na alikuwa akimtafutia mshindani. Akawakutanisha. Tangu hapo wakawa wanapanda meli pamoja, mara Mwanza, mara Kisumu, mara Kampala. Matangazo yaliyobandikwa ukutani yalisema ni maadui wakubwa.

Adui huyo alijua mume wangu hulalia ubavu upi. Alijua goti lipi humuuma wakati wa mvua. Mume wangu alipokuwa nyumbani mazungumzo yake yalikuwa mwenzangu hivi, mwenzangu vile. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, nilikaanga sufuria nzima, na kabla watoto hawajaonja alikwisha kufunga fungu la mwenzake kwenye jani la mgomba. Nilimwambia Bakoba nako senene huanguka. Akasema wa kwetu ni watamu zaidi.

Siku aliyomleta nyumbani mara ya kwanza nilitamani awe mtu wa majivuno. Hakuwa. Alimwamkia mama mkwe kwa Kihaya kizuri, akapokea kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili, akaniita shemeji. Kuku alichinja yeye mwenyewe, kwa kuwa asingekula cha mkono wetu. Alipoondoka, mume wangu akasema kuanzia sasa kuku wa kitoweo wasubiri mgeni aje awachinje. Nikamuuliza kama mimi nami ningoje mgeni aje ndipo nipike. Alicheka, akidhani natania.

Mwishowe nikaomba kwenda Bukoba kuwaona wakipigana. Nilikaa na wanawake upande wa kivulini. Ulingo ulikuwa wa mbao, juu yake magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa. Bwana DC alikaa mbele kwenye kiti chake, na nyuma yake watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Yule wa Bakoba alimnyanyua mume wangu mabegani, akamzungusha, akambwaga chini. Uwanja mzima ulipiga kelele. Mimi sikuweza hata kufumba macho, ndiyo maana nikaona kitu ambacho nadhani hakuna mwingine aliyekiona. Kabla kichwa cha mume wangu hakijagusa magunia, kiganja cha mwenzake kilikwisha kuingia chini ya kisogo chake. Kilikaa pale kidogo tu, kisha kikatoka na kumkaba shingo kama kawaida.

Nilishukuru kwamba kichwa kile kimelindwa, na hapo hapo nikauchukia mkono uliokilinda.

Tukiwa njiani kurudi, juu ya lori la kahawa, nilimuuliza kama huwa wanakubaliana nani ashinde. Akasema mwenye uwanja ndiye anayeamua.

"Na ule mkono wa kichwani?" nikauliza. "Nao anauamua yeye?"

"Huo hapana," alisema. "Huo ni wake mwenyewe."



Kisha ikatokea ajali, huko Mwanza. Mume wangu alirushwa, akateleza ukingoni mwa ulingo na kuangukia sakafu ya saruji. Daktari wa serikali alisema nyonga imepasuka, hatapanda ulingoni tena. Walimlaza hospitali, na alipoweza kusafiri mwenzake alimleta kwa meli na kwa lori, na kutoka barabarani hadi nyumbani akambeba mgongoni kupita migombani. Watu wa jirani walisimama kutazama. Mimi nilikuwa nimetandika kitanda, nimechemsha maji. Alimshusha kitandani, akaniomba maji, akaanza kumkanda kabla mimi sijajua nisimame wapi.

Akakaa. Mhindi alimtumia ujumbe arudi, naye akajibu kwamba hana wa kupigana naye. Asubuhi nikiingia na beseni, nilikuta mume wangu amekwisha kuoshwa. Nikitaka kumgeuza, nilikuta amekwisha kugeuzwa. Wanawake wa kwaya walikuja kumwona mgonjwa wakatoka wakimsifu mgeni. Mmoja akaniambia nimebahatika kupata shemeji wa namna hiyo. Nilimjibu ndiyo, nikaenda jikoni, nikamenya ndizi nyingi kuliko tulizohitaji.

Kuna asubuhi nilimfuata nje, alikokuwa akianika shuka. Nilimwambia, "Shemeji, yule ni mume wangu. Katika nyumba hii mimi ndiye wa kumgeuza."

Nilitaka abishe, nipate sababu ya kumwambia aende kwao. Alifuta mikono kwenye kanzu yake akanitazama.

"Basi njoo nikuonyeshe," alisema. "Ukimshika vibaya utamuumiza."

Akanionyesha. Goti moja kitandani, mkono mmoja chini ya paja, mwingine begani. Mimi nilikuwa nikivuta kwa nguvu. Akaniambia nisimnyanyue, ningoje ashushe pumzi, maana mtu akishusha pumzi mwili wake huja wenyewe. Nilingoja. Mume wangu akashusha pumzi, akanigeukia bila kuguna. Nilikuwa nimelala na mwili ule miaka yote ile, na siri yake naambiwa na mtu wa Bakoba. Nilijifunza vizuri. Baada ya siku chache alikuwa akikaa nje tu, akiwachongea watoto magari ya vigogo vya migomba. Mume wangu alipoanza kutembea kwa fimbo, mgeni aliaga akarudi mjini.

Nilidhani yamekwisha. Kisha dereva wa lori akaleta habari kwamba Mhindi amepata mtu mpya, mvuvi mmoja mkubwa aliyetoka kambi za kisiwa cha Goziba, na yule wa Bakoba sasa anasafiri naye.

Mume wangu aliuliza kama mvuvi huyo anajua kuanguka. Dereva hakujua. Kuanzia siku ile akawa haongei. Alishinda kibanjani akikata majani ya migomba ambayo hayakuhitaji kukatwa. Chakula alikigusa akakiacha. Mama mkwe alisema labda ni nyonga, lakini mimi uso ule niliufahamu, kwa kuwa nilikuwa nimeuvaa miaka mingi. Siwezi kusema nilimhurumia tu. Kidogo nilifurahi.

Akasema anataka kwenda kutazama, nikamsindikiza. Tulisimama nyuma, yeye akiegemea fimbo. Mvuvi alikuwa na kifua kipana na miguu mizito. Kabla hawajaanza, yule wa Bakoba alipiga magoti mbele ya watu wote akamfunga mvuvi bendeji kwenye kifundo cha mguu, taratibu, akiikagua kila mzunguko.

"Mimi hakuwahi kunifunga bendeji," mume wangu alisema.

"Wewe hukuumia mguu."

"Hata hivyo."

Baadaye mwenzake alitutafuta katikati ya watu, jasho likimtoka. Aliniamkia, akamuuliza mume wangu hali ya nyonga. Mume wangu alimjibu neno moja moja, kama nilivyokuwa nikimjibu mimi alipokaa kwetu. Ndipo yule mtu akamwambia kwamba huyu mvuvi bado anaanguka kama gunia, na hakuna wa kumfundisha isipokuwa mume wangu. Mume wangu akasema atafikiri. Kwenye lori aliniapia kwamba hatakwenda.

Juma lililofuata alikwenda. Akaendelea kwenda, akipanda lori la alfajiri na kurudi jioni. Kila aliporudi nilimwekea chakula, nikamuuliza yule wa Goziba anaendeleaje. Kila mara alinijibu kwamba mvuvi bado hajui kitu.