Siafu Wanaorudi Nyuma

Shangazi yangu alianza kufuma akiwa na miaka tisa, na magoti yakamkatalia akiwa na hamsini na mbili. Makanyagio ya mtambo wa mbao hayana huruma. Daktari akamwambia apumzike nyumbani. Nyumbani afanye nini, ahesabu nzi? Akaenda kujifunza kompyuta.

Nilikuwepo, kwa hiyo mtu asinisimulie. Alidonoa vitufe kwa kidole kimoja kama kuku, akaitukana skrini, na kesho yake akarudi. Ilimchukua mwaka mzima kuelewa kwamba kila kiboksi cha kwenye skrini ni uzi mmoja: kikiwa cheusi uzi unainuka, kikiwa cheupe unabaki chini.

"Kumbe ni kuhesabu tu!" alisema. "Si ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote?"

Mtambo wa kisasa, ukiongozwa na kompyuta, unainua nyuzi kwa umeme, na mfumaji anapitisha uzi kwa mkono. Magoti hayana kazi. Akafungua darasa katika chumba cha nyuma cha chama cha wafumaji. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, mimi wa kwanza.

Mwenyekiti wa chama hakupenda. Huyu bwana alifuma kidogo ujanani, kisha akahamia kuuza vitambaa, na tangu hapo mikono yake ni laini kuliko ya mtoto mchanga.

"Mwacha mila ni mtumwa," alimwambia shangazi mbele ya watu.

"Mtumwa ni anayekatazwa kujifunza," shangazi akamjibu. "Unataka nini?"

Alitaka Njia ya Siafu, nakshi ngumu kuliko zote tulizorithi: safu kwa safu za siafu, wote wakielekea kulia. Darasa liifume kwa kompyuta, wanachama waje kuikagua Jumamosi asubuhi. Ikiharibika, tuondoke na mtambo wetu.

Usiku ule shangazi alikuwa akijipaka mafuta magotini. "Wakinitoa pale, mimi si mfumaji tena," aliniambia. "Nitakuwa mama mwenye magoti mabovu, basi." Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Jumamosi wanachama wakajaa chumbani. Mwenyekiti akainamia mtambo, akatazama, akainuka meno yote nje.

"Jamani, njooni mwone! Siafu wanarudi nyuma!"

Kweli, siafu walikuwa wanaelekea kushoto. Vijana wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni mama mmoja aliyefuma bega kwa bega na shangazi miaka ishirini, kisha akamnunia tangu siku ile kompyuta ilipoingia. Wanafunzi tukatazamana.

Shangazi alichukua mkasi, akakata kitambaa kutoka mtamboni, akakigeuza, akakitandaza mezani. Siafu walikuwa wanakwenda kulia, safu zote, hakuna hata mmoja aliyepotea njia.

Yule mama akaacha kucheka. Wafumaji wote wakaacha, maana walikumbuka jambo ambalo hata mtoto wa mfumaji analijua. Kwetu nguo hufumwa kifudifudi. Mfumaji huona mgongo tu, na uso wake huuona siku ya kuikata. Shangazi alikuwa ameifundisha kompyuta ifume vilevile.

"Mwenyekiti," alisema, "mara ya mwisho kukaa mbele ya mtambo ilikuwa lini?"

"Hilo si swali la leo."

"Ni swali la leo! Umekuja kunifundisha mila, na hujui mgongo wa nguo wala uso wake. Ebo! Bibi yangu aliifuma hii, mama yangu akaifuma, na mimi naifuma. Ukitaka kunitoa nitoe, lakini usiniambie nimeacha kitu."

Mwenyekiti akakohoa, akauliza nani anataka darasa liondoke. Akainua mkono wake mwenyewe, akatazama huku na huku, kisha akajifanya anajikuna kichwa.

Watu walipoanza kutoka, yule mama alibaki. Alikigusa kitambaa pembeni, akapapasa safu moja kwa kidole. Hakumtazama shangazi usoni.

"Mimi nami magoti yameisha," alisema. "Tangu mwaka juzi. Sijamwambia mtu."

Nilidhani atamlipizia, na kusema kweli nilitaka amlipizie.

"Tunaanza saa mbili asubuhi," shangazi alimwambia. "Ukichelewa, nafunga mlango."