Siku Nilipomzimia Papa Musonda Sikio

Vita vilipotukaribia Butembo nilitoka, nikapita Uganda, Tanzania na Zambia juu ya malori, nikakaa siku nne katika foleni ya mpakani Kasumbalesa, na safari hiyo yote, ndugu zangu, ilikuwa ya kunifikisha mahali nitakapomfanya mzee wa watu aandikwe marehemu huku amekaa kwenye kiti.

Nilipata chumba mtaa wa Kasungami, upande wa kwetu wa mpaka, kwa Papa Musonda, askari wa zamani. Mizinga ilimwua masikio, na miguu nayo ilikuwa imechoka, akitembea kwa mkongojo. Binti yake alimpeleka nje akapasuliwa, akawekewa chombo cha kusikilia kichwani, na kipande cha nje kinashikwa kwa sumaku nyuma ya sikio. Daktari alisema lazima ajifunze kusikia upya, na mwili dhaifu hujifunza polepole. Basi kila asubuhi nilimsomea majina, naye akayarudia. Majina tu, maana maveterani wangeitwa mmoja mmoja, kwa alfabeti, kuhakikisha nani bado yuko hai.

“Nataka nisikie banaita Kabwe,” aliniambia, “na nisikie Kabwe anaitika.” Kabwe alikuwa askari mwenzake aliyevunjwa mguu; walipotezana vitani.

Siku yenyewe, uwanja umejaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi na betri inakwisha, kwa hiyo nikaamua (mimi mwenyewe, bila kumwuliza, alikuwa anasinzia) kumvua kile kipande, nikirudishe wakifika herufi J, kabla ya K ya Kabwe. Nikasogea pembeni kuwasimulia watu safari zangu, na mnajua nikianza Uganda simalizi mapema. Sikujua kwamba karani amebadilisha utaratibu: wenye mikongojo kwanza.

“Musonda! Musonda! Haiko? Décédé,” karani akasema, akaandika marehemu.

“Présent!” nikaitika mimi kwa kelele.

Uwanja mzima ukageuka. Askari akanishika kola. “Weye njo Musonda? Vita ile ulipigana na nani, na mama yako, mu tumbo yake?”

Watu wakacheka hadi wakapigana mabega. Nikamkimbilia mzee, askari bado kanishika kola, nikatoa kile kipande, sumaku ikarukia chuma cha kiti, nikawa nahangaika kuibandua huku nalia, “Ni huyu! Iko muzima!” Papa Musonda akaamka, akaona nimeshikwa, akainuka kwa shida na kupiga saluti. Karani akafuta alichoandika, akatufukuza.

Nje nikamvisha chombo chake.

“Balimaliza kuita Kabwe?”

“Ndiyo, Papa, kabla yako.”

“Aliitika?”

Sikujua. Nilikuwa naongea.

Nilirudi uwanjani, nikauliza kila mwenye mkongojo, nikamkosa. Miezi iliyofuata nikauliza mitaani, bure. Papa hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo lililonishinda kuendelea kukaa kwake. Siku naondoka moja kwa moja nilimwahidi kumwandikia ujumbe.

“Usiandike,” alisema. “Piga. Miye niko nasikia.”

Napiga kila Jumapili, nanyamaza, namwacha yeye aseme.