Betri Zilizoanikwa Juani

Profesa wangu alinifukuza Dar es Salaam kwa upole. Nilikuwa nasomea shahada ya pili, juu ya namna redio na mila zinavyojenga jamii, na rasimu yangu ilijaa neno "wananchi" kila ukurasa. Akaifunga, akaniuliza, "Mwajuma, hawa wananchi wako, mara ya mwisho umekunywa nao chai lini?" Nilinuna kutwa nzima, maana alikuwa amesema kweli. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, ambapo watu walikusanyika jioni kusikiliza masomo redioni, kisha wakayajadili wao kwa wao. Nikaomba nikaishi na kikundi cha namna hiyo, mbali na pwani. Nikapangiwa kijiji kimoja karibu na stesheni ya Igalula, mkoani Tabora, ambacho kikundi chake kilikuwa kimesifiwa sana.

Stesheni ya Dar es Salaam mama alinisindikiza na kapu la mikate ya kumimina na onyo moja. "Unakwenda kwa watani zetu. Wasikuzidi maneno, utatuaibisha." Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara. Babu zao walishuka pwani na meno ya tembo mabegani, wakapita kwetu, na aliyefia njiani alizikwa na babu zetu. Hayo niliyajua kama nilivyojua jina langu, lakini sikuyaandika popote katika rasimu. Niliyaona mambo ya nyumbani, si ya chuo.

Baada ya Morogoro treni ilianza kupanda, na joto la pwani likabaki nyuma. Reli ile kwa sehemu kubwa inafuata njia ya wapagazi. Nilikaa dirishani nikiwafikiria, maana mimi nilikuwa nimechoka kwa kukaa tu. Dodoma tulinunua karanga. Baada ya Manyoni vichaka vikafunga pande zote, halafu ikaja misitu isiyo na mwisho: miombo, miombo, na katikati yake stesheni ndogo zenye wauza asali, chupa zimezibwa kwa magunzi. Nilinunua chupa moja nikaila kwa kidole kama mtoto.

Tabora tulifika asubuhi, vumbi jekundu na baiskeli kila upande. Nilikwenda moja kwa moja kuonana na bwana elimu ya watu wazima. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, kisha akanikatisha tamaa.

"Ungekuja mwaka jana, dada. Siku hizi hawakai pamoja. Wazee wawili wamenuniana, kijiji kimegawanyika nyuma yao. Nikipita tena nikakuta hali ni ile ile, redio naihamishia kwingine. Nikupe kijiji kingine?"

Nilikataa. Mimi ni mbishi kwa kuzaliwa, tena nilikuwa nimekwisha kusafiri vya kutosha. Nikapanda treni ya kurudi nyuma kuelekea Igalula.

Igalula nilipokewa na Mama Kabula, katibu wa kikundi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, amekuja na baiskeli ya kubebea mizigo yangu. Nilipotaja kwetu, aliiachia baiskeli ikaanguka.

"Mzaramo! Umekuja kusoma, au umesikia kuna ngoma?"

"Nimekuja kuchukua mizigo ambayo babu yako aliitupa njiani."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Njia nzima kila tuliyekutana naye aliambiwa kuwa mtani amekuja, na kila mmoja alinitukana kwa moyo mweupe. Usiku huo nililala nimeshiba ugali kwa mlenda wa karanga, nikajiona nimefika nyumbani kwa watu.

Asubuhi yake Mama Kabula alinieleza ugomvi wenyewe. Mzee Mathayo, Mmoravian, ndiye aliyekabidhiwa redio. Betri zilikuwa adimu, kwa hiyo zilipoanza kuchoka alizitoa akazianika juu ya bati zipate nguvu, ili jioni somo lisikatike katikati. Kila mtu huko alifanya hivyo. Jirani yake, Mzee Hamisi, Mwislamu wa ukoo wa mjini Tabora, alikuwa rafiki yake tangu ujana. Walilima pamoja, walikula pamoja. Basi Jumapili moja ya mwaka uliotangulia, Mzee Mathayo akiwa kanisani na betri zikiwa juu ya bati, redio ya taifa ikatangaza kifo cha dada yake Mzee Hamisi, aliyekuwa ameolewa Gongoni, mjini. Angelisikia tangazo asubuhi ile, angepanda baiskeli akawahi maziko ya alasiri. Habari alizipata kesho yake kwa abiria wa treni. Alipofika Gongoni alioneshwa kaburi, na shemeji yake akamwambia, "Tulikutangazia redioni."

"Na wewe ulilisikia tangazo?" nilimwuliza Mama Kabula.

"Kwa masikio yangu haya. Nilikuwa Goweko kwa dada yangu. 'Anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpenzi kilichotokea Tabora mjini. Habari ziwafikie...' Hata jina la Hamisi lilisomwa."

Wengine wawili waliniambia vivyo hivyo, mmoja akaiga mpaka sauti ya mtangazaji. Niliyaandika yote kwa furaha. Ndiyo hasa niliyokuja kuyatafuta: redio inavyoweza kuingia kati ya watu.

Kwa Mzee Hamisi nilikwenda kwa adabu zote. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamwuliza juu ya kikundi, akasema yeye ni mkulima tu. Nikarudi siku ya pili, shikamoo, marahaba, basi. Mzee Mathayo naye alinikaribisha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akatafuna pamoja nami. Mwisho akasema, "Mwanangu, nilitoa betri kwa ajili ya kijiji. Lakini mtu amekosa kumzika dada yake. Nitamwendea na uso gani?" Hakuwahi hata kwenda kutoa pole. Jambo lile liliniuma kuliko nilivyotarajia. Redio ingeweza kuhamishwa, na utafiti wangu ungeweza kufa, lakini wazee wale wawili walikuwa wakizeeka kila mmoja uani kwake, na kila mmoja akimkosa mwenzake.

Jioni hiyo Mama Kabula alinigombeza.

"Kosa lako ni hizo shikamoo. Unamwamkia Hamisi kama mkweo! Sisi hatuwezi kuingia katikati, wote ni ndugu zetu. Ukimsema mmoja, mwingine anasema umependelea. Mtani hana upande. Na tangu msiba ule hakuna mtani aliyefika kumtania Hamisi. Msiba wake haujafungwa, anatembea nao."

Nimelelewa nisinyanyue sauti mbele ya mtu mzima, sasa natakiwa nimtukane mzee mwenye msiba.

Kesho yake Mzee Mathayo alipokwenda shambani, nilipanda juu ya kinu nikazichukua betri juu ya bati, nikazifunga kwenye pindo la khanga. Mtani ana ruhusa hiyo: hushika kitu chako, nawe hukipati mpaka utimize atakalo. Saa ya somo ilipokaribia niliitandikia redio mkeka mbele ya ofisi ya kijiji, nikaifunika khanga kama maiti, nikaangua kilio.

"Jamani, redio imekufa! Imekufa, na Wanyamwezi hawana habari! Wao wanajua kubeba mizigo tu, kuzika hawajui!"

Watu walijaa. Kundi la Mathayo upande huu, kundi la Hamisi upande ule. Hakuna aliyecheka. Nikawaza treni ya kurudi Dar ni saa ngapi. Mzee Hamisi akatoka katika kundi lake, akaja taratibu mpaka kwenye mkeka, akanitazama.

"Mzaramo," alisema, "hata kulia hujui. Kwenu mnalia hivyo, au mnaita kuku?"

Kicheko kilipasuka pande zote mbili. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia kabla sijapoteza ujasiri.

"Nyamaza, mpagazi we! Wewe mwenyewe umelia lini? Dada yako amekufa, badala ya kumlilia ukaenda kumnunia jirani!"

Mzee Hamisi akaketi pale pale kwenye mkeka, kando ya ile redio iliyofunikwa. "Alinilea yule," akasema, si kwangu wala kwa mtu. "Mama alipokufa, mgongoni kwake ndiko nilikokulia." Akalia mbele ya kijiji kizima, nami nikalia, na safari hii sikuwa nikiigiza.

"Na wewe, mlinzi wa betri!" nilimgeukia Mzee Mathayo huku nikifuta makamasi. "Mwaka mzima hujatoa pole?"

"Nitaanzaje, mtani?"

"Utaanza kwa treni. Betri ziko kwangu. Mtazikomboa kwa kunisindikiza nyote wawili mpaka Gongoni, ukatoe pole mwenye nyumba asikie."

Mzee Mathayo akamtazama Mzee Hamisi. Mzee Hamisi akatazama chini, kisha akasema kwamba Mzaramo hawezi kuachwa asafiri peke yake, ataiba treni. Nikazikopesha betri kwa saa ya somo tu, kama nilivyofanya kila jioni baadaye, tukalisikiliza pamoja, juu ya kuchemsha maji ya kunywa, na mjadala ulichukua muda kuliko somo lenyewe.

Siku ya kuondoka Igalula, nilipokwisha kukaa nao vya kutosha na bwana elimu amepita akaiacha redio mahali pake, tulipanda treni watatu. Wazee walikaa benchi moja mkabala nami. Walizungumza habari za mvua, za tumbaku, za ng'ombe wa mtu fulani. Tulipokaribia Tabora Mzee Mathayo akawa anaigeuzageuza kofia yake magotini.

Gongoni tulipokewa na Zuhura, binti wa marehemu. Baba yake alikuwa msikitini. Alimwamkia mjomba wake, akatupa maji, akatutandikia jamvi. Mzee Mathayo hakungoja hata kuketi.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyezitoa betri. Tangazo lenu lilipita redio ikiwa tupu, mjomba wako akakosa kumzika mama yako. Nimekuja kutoa pole, na kuomba radhi."

Zuhura alimtazama, akamtazama mjomba wake.

"Tangazo lipi?"

"Lile la redioni," Mzee Hamisi alisema. "La kifo."

Zuhura aliketi polepole. "Mjomba, halikupelekwa. Asubuhi ile baba alinituma posta nikalipeleke kwa simu ya maandishi, nikakuta imefungwa, Jumapili. Niliporudi nyumba imejaa watu, nikashindwa kumpata baba nimwambie. Ulipofika kesho yake, nikamsikia anakwambia limetangazwa, maana yeye ndivyo alivyojua. Sikuweza kumsahihisha mbele ya wageni, na baadaye nikaona limepita. Wallahi sikujua kuna mtu analaumiwa."

Nilimfikiria Mama Kabula, na Goweko, na lile jina la Hamisi lililosomwa.

"Mwaka mzima," Mzee Hamisi alisema mwisho. "Mwaka mzima, Mathayo, nimekunyima salamu kwa tangazo ambalo halikusomwa."

"Na mimi nimeungama mpaka kwa mchungaji," Mzee Mathayo alijibu. "Sasa nitamwambia nini?"

Nilidhani watacheka. Mzee Hamisi alinyoosha mkono. "Nisamehe, ndugu yangu." Mzee Mathayo akaupokea kwa mikono yake miwili, akauzuia.

"Yamekwisha. Lakini pole, Hamisi. Dada amekufa kweli."

Alasiri walikwenda makaburini, nami nikaenda stesheni, betri nikiwa nimezirudisha mikononi mwa mwenyewe.

Ndani ya treni, kuanzia Tabora mpaka giza lilipoingia, nilijaribu kuandika. Mama Kabula hakuwa mwongo, na wale wengine wawili hali kadhalika. Walikuwa wamesikia matangazo ya vifo kila siku, kwa sauti ile ile na maneno yale yale, mpaka mtu aliposema limetangazwa, kila mmoja akalikuta tayari sikioni mwake. Nami mwenye shahada nililiandika kama ushahidi, kwa mwandiko mzuri, bila kumwuliza yeyote posta ilikuwa wazi au la. Dar es Salaam nilimweleza profesa kwamba sura ya kwanza itahusu watani. Akauliza redio imekwenda wapi, maana nilitumwa kupima nguvu ya redio. Nikamwambia ipo, tena nimeipima: Jumapili ile haikusema neno, na kijiji kizima kiliisikia.